Neno la Nne

Watu wa tamthilia ni watu wa kelele. Wakusanye watatu chumbani, majirani watadhani kuna harusi. Wakusanye mia mbili na kumi na sita kwenye kundi moja la simu, hapo utajua kwamba hata betri hukata roho.

Kundi lenyewe liliitwa Nyuma ya Pazia. Humo walikuwemo waigizaji, waongozaji, washonaji wa maleba, mafundi wa taa, na watu wawili watatu ambao kazi yao hakuna aliyeijua ila walikuwa wa kwanza kupongeza kila kitu. Walitawanyika katika miji mingi na nchi kadhaa. Wengi hawakuwahi kuonana ana kwa ana, lakini waligombana na kupatana kama ndugu wa tumbo moja. Mtu akiuliza namna ya kubandika ndevu za bandia zisidondoke, alipata majibu arobaini kabla chai yake haijapoa, na thelathini kati ya hayo yalikuwa yanapingana. Mara moja kwa mwezi, Jumamosi alasiri, waliigiza pamoja: kila mtu kwao, mbele ya kamera ya simu yake, wengine wote wakitazama.

Katika watu wote hao, mmoja hakuwahi kuandika herufi hata moja, wala kutuma hata kile kidole gumba cha kusema sawa. Alikuwa mama wa miaka sitini na minane. Waliowahi kufanya naye kazi walimwita Bi Mnong'ono.

Kwa miaka thelathini na moja Bi Mnong'ono alikaa kwenye kigoda upande wa kushoto wa jukwaa, nyuma ya pazia, mswada mapajani na tochi ndogo mkononi. Mwigizaji akisahau maneno yake, yeye ndiye alimnong'oneza. Ni kazi ya ajabu, maana ukiifanya vizuri hakuna anayejua kwamba ipo. Hadhira hurudi nyumbani ikisifu kumbukumbu za waigizaji, na wewe hurudi nyumbani na mgongo unaouma.

Alikuwa na kanuni moja, na kila mwigizaji mpya aliisikia siku ya kwanza. "Mimi nitakupa maneno matatu," aliwaambia. "La nne ni lako." Hakuwahi kuzidisha. Mpe mwigizaji maneno manne leo, kesho atataka manane, na keshokutwa atasimama pale jukwaani kama redio, anangoja umfungulie. Lakini ukimpa matatu ukanyamaza, lile la nne hulivuta mwenyewe kutoka tumboni, na likishatoka, mengine hulifuata kama vifaranga.

Kisha ukumbi ukafungwa, ukakodishwa kwa mfanyabiashara wa samani. Bi Mnong'ono alipita pale mara moja tu. Jukwaani walikuwa wamepanga magodoro, na mahali pa kigoda chake palisimama kabati la vioo. Hakupita tena njia ile.

Alihamia kwa binti wa kaka yake, mwanamke mwenye miaka arobaini kasoro, msusi, aliyeigeuza sebule kuwa saluni na kumpa shangazi yake chumba cha nyuma. Msusi huyu alikuwa na vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi.

"Shangazi, humu ndani utaoza kwa kimya," alimwambia siku moja. "Lete hiyo simu." Mteja wake mmoja alikuwa mshonaji wa maleba, na kupitia huyo akamwingiza kwenye kundi.

Tangu hapo, kila jioni, vitana vikishaoshwa na nywele zikishafagiwa, Bi Mnong'ono aliketi kwenye kiti cha wateja na kusikiliza jumbe za sauti za watu wa kundi, sauti ameiteremsha chini kabisa, simu ameiegemeza sikioni. Aliwajua wote. Alijua nani ana mafua, nani amegombana na mwongozaji wake, nani anasema uongo kuhusu umri wake. Yeye mwenyewe hakuona haja ya kusema lolote. Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwomba aseme neno lake mwenyewe, na binadamu huzoea hata hilo.

Jioni moja akasikia sauti iliyomfanya asimame.

Ilikuwa sauti ya Mzee Radi. Jina hilo alipewa kwa sababu alipotamka neno lake la kwanza jukwaani, waliosinzia safu ya nyuma waliamka wakitafuta viatu vyao. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mwigizaji mkuu wa ukumbi ule, hatua mbili kutoka kwenye kigoda. Ukumbi ulipofungwa alikwenda nchi ya mbali kuishi na binti yake, nesi, na habari zake zikakatika.

"Hamjambo wenzangu," ilisema ile sauti, na Bi Mnong'ono alisikia mara moja kwamba radi imekuwa mvua ya rasharasha. "Binti yangu ndiye ameniingiza humu. Macho yana mtoto wa jicho, siwezi kusoma mtakayoandika, kwa hiyo semeni tu. Nina ombi. Daktari ameniambia kichwa changu kimeanza kuvuja. Hakikuanza jana, lakini sasa kinavuja kweli. Nataka kuicheza hotuba ya mlinzi mara moja tu, kabla haijanitoka yote."

Mlinzi wa Lango ilikuwa tamthilia ya kikundi chao wenyewe. Mlinzi anafungulia watu lango la mji kwa miaka arobaini. Mwishoni mji unaondoa lango, naye anabaki amesimama na ufunguo mkononi. Hapo ndipo anaposema hotuba yake, kurasa mbili na nusu. Mzee Radi alikuwa ameisema zaidi ya mara mia mbili, na sifa zake zilifika mbali: mtu yule, walisema, hasahau.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mzee Radi alikuwa anasahau, karibu usiku mmoja katika kila mitatu. Aliposahau alivuta pumzi mbili fupi puani, Bi Mnong'ono akampa maneno matatu, naye akaendelea kana kwamba alinyamaza kwa makusudi. Hawakuwahi kulizungumzia. Ila kesho yake, juu ya kigoda, daima palikuwa na pipi moja ya mnanaa. Asiposahau, hakuna pipi. Hizo ndizo zilizokuwa shukrani zake zote, na Bi Mnong'ono alizila taratibu, gizani, pazia likiwa limefungwa.

Mwongozaji wa kundi, mwanamke kijana mwenye haraka ya kupenda watu, akalipokea ombi kwa shangwe. Kundi likachangamka siku tatu mfululizo. Wakagawana nafasi, wakapanga siku ya mazoezi. Bi Mnong'ono akatoa mswada wake wa zamani chini ya kitanda, akaupangusa vumbi, akaufungua kwenye hotuba. Pembeni mwa ukurasa palikuwa na alama za kalamu ya risasi, kila moja mahali ambapo Mzee aliwahi kukwama. Ukurasa ulionekana kama umetuliwa na inzi.

Siku ya mazoezi walikusanyika watu arobaini. Msusi alimwekea shangazi yake simu juu ya kopo la mafuta ya nywele, akamwelekeza awashe kipaza sauti amsalimie mwongozaji, kisha akarudi kwa mteja aliyekuwa nusu amesukwa. Kitu kimoja alisahau kumwambia: akizime tena.

Mzee Radi akaanza. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, ukuta mweupe nyuma yake, macho yakitazama mahali pasipo na mtu. Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri. Kwenye wa pili akanyamaza, na Bi Mnong'ono akasikia zile pumzi mbili fupi. Baada ya miaka yote ile ya ukimya, zilimpiga kifuani. Hakufikiri. Aliinama kwenye simu akanong'ona kama alivyonong'ona maisha yake yote.

"Nimewafungulia wenye njaa, sikuwauliza wametoka wapi."

Sasa, jukwaa la mbao lina adabu yake. Mnong'ono wa kutoka kushoto humfikia anayeuhitaji na kufia hapo. Mtandao hauna adabu hiyo. Uliuchukua mnong'ono ule ukaukuza, ukamwondoa Mzee Radi kwenye vioo vya simu zote arobaini, na mahali pake ukaweka uso wa Bi Mnong'ono, mkubwa kama sinia, miwani kwenye ncha ya pua, mdomo karibu kuimeza kamera.

Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Wengi walidhani ni bibi wa mtu aliyekosea kubonyeza. Lakini Mzee Radi hakuona kitu. Alisikia tu sauti anayoijua, kisha kicheko cha watu arobaini.

"Inatosha," alisema. "Mwanangu, zima."

Kiti kikabaki kitupu, kisha kikatoweka nacho.

Usiku huohuo nesi alipiga namba ya Bi Mnong'ono, akapokea Msusi. Baba hatacheza tena, alisema. Amekaa tu, hataki kula, na tangu jioni amerudia maneno yaleyale: yule mama ndiye pekee aliyejua, na leo ametangaza.

Bi Mnong'ono aliposikia alivua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya mswada. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha akishaisema sokoni, ni nani atakayemwamini tena? Alilia kwa namna yake, yaani bila sauti.

"Nitoe humo kundini," akamwambia Msusi asubuhi.

"Nikutoe, shangazi, lakini ujue itaandikwa. 'Fulani ametoka.' Wote mia mbili wataona."

"Hata kutoka hakuna kimyakimya?"

"Hakuna."

"Basi dunia imeharibika," alisema Bi Mnong'ono, akaenda kuosha vitana ambavyo tayari vilikuwa safi.

Aliviosha mara mbili. Mara ya tatu alivirudisha kwenye ndoo, akajifuta mikono, akamwomba mpwa wake amwonyeshe pale pa kubonyeza ili kusema. Msusi akaacha kichwa cha mteja na kitana kikining'inia humo. Mteja naye hakulalamika, alitaka kusikia.

Alianza mara nne akafuta mara nne, kwa sababu kila mara sauti ilitoka kama mnong'ono na haikusikika. Mara ya tano akasimama, kama alivyowaona waigizaji wakisimama.

"Hamjambo," alisema. "Mimi ni yule mliyemcheka jana. Kazi yangu kwa miaka thelathini na moja ilikuwa kuwanong'oneza waigizaji wanaosahau. Aliyekosea jana ni mimi. Niliacha kipaza sauti wazi. Mwigizaji anayesahau hajakosa chochote. Anafanya kazi ngumu kuliko kazi zote, anabeba maneno ya mtu mwingine kichwani mbele ya watu. Nimewanong'oneza wakubwa kwa wadogo, na majina yao nitakwenda nayo. Lakini kama kati yenu yupo aliyewahi kusahau, namwomba aseme mwenyewe. Yupo mtu anayehitaji kusikia. Asanteni."

Akakaa. Simu ikakaa kimya robo saa nzima, na kwa kundi lile robo saa ni kama mwaka.

Wa kwanza kujibu alikuwa fundi wa taa kutoka nchi jirani. "Mimi sina maneno ya kusahau, mama. Ila niliwahi kusahau kuwasha taa. Mfalme alikufa gizani. Watu walijua amekufa kwa sababu ya kishindo."

Kisha mwigizaji mmoja akaeleza jinsi alivyosahau jina la mumewe wa jukwaani, akamwita "wewe baba" mpaka mwisho wa tamthilia. Mwingine alisahau ukurasa mzima akaona heri azimie. Wenzake wakambeba nje wakamalizia bila yeye, na kesho yake gazeti likasifu kuzimia kule. Mmoja, mtu wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, alisema alisahau siku moja miaka ishirini iliyopita na hakurudi jukwaani tena, na leo ndiyo mara ya kwanza anamwambia mtu. Zikaja sauti za kumjibu huyo peke yake, kumi na mbili. Mwongozaji naye alitoa yake mwishoni. Alikuwa na miaka kumi na tisa, usiku wa kwanza, akasahau na kukimbia kwa mlango wa nyuma akiwa bado amevaa maleba. "Ndiyo maana nikawa mwongozaji," alisema. "Naogopa kusimama pale. Sijawahi kuwaambieni."

Hadi jua linazama zilikuwa zimefika sauti sitini na tatu. Msusi alizihesabu kwa sababu saluni ilikuwa imejaa wateja waliokataa kuondoka.

Jumanne asubuhi simu ya Bi Mnong'ono ikalia.

"Shikamoo mama," alisema nesi. "Baba anataka kuongea nawe. Tumezisikiliza zote. Nyingine amenirudishia mara tatu."

Kulikuwa na kukohoa. Bi Mnong'ono alisikiliza pumzi. Zilikuwa ndefu. Hakuwa amesahau, alikuwa anachagua.

"Bi Mnong'ono."

"Naam, Mzee."

"Ulinipa maneno sita."

Bi Mnong'ono akakaa kitako juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Kusikika na watu, hilo nimelisamehe," alisema Mzee Radi. "Mtambo ni mtambo. Na hao wengine nimewasikia, wote wamesahau, wote wamesimama uchi kama mimi. Lakini wewe hujawahi kunipa zaidi ya matatu. Hata siku ile niliyokuwa na homa, hata wiki niliyomzika mke wangu. Matatu. Jumamosi ukanipa sita. Nikajua basi, hata yeye ameona nimekwisha. Ulinihurumia."

Angeweza kukataa. Angeweza kusema ni haraka, ni mshtuko, ni simu. Lakini alikuwa amemjua mtu huyu kwa pumzi zake kwa miaka thelathini na moja, na mtu wa namna hiyo humdanganyi.

"Ni kweli," alisema. "Nilikuhurumia. Nilikuona kwenye kile kiti, nikaogopa. Nisamehe."

"Sitaki kuhurumiwa. Nataka matatu. Nikishindwa la nne, niache nishindwe. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Basi mwambie yule binti mwongozaji nitacheza."

Fundi wa taa ndiye aliyeleta dawa ya kusikika na watu wote. "Mnong'ono haupitishwi mlango wa mbele," alisema. "Tafuteni simu ya pili." Ikawa hivyo. Simu ya kwanza ya kutazamia, kipaza sauti kimezimwa na kuzibwa na plasta, maana Msusi hakuuamini tena mtandao. Simu ya pili, ile ndogo ya vitufe, ikampigia simu iliyokuwa mfukoni mwa shati la Mzee Radi, na kutoka hapo waya mwembamba ukapanda mpaka sikio lake la kushoto. Kushoto alichagua mwenyewe.

Jumamosi ya onyesho Msusi alifunga saluni, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya msiba wa mwenye nyumba. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Bi Mnong'ono alikaa kwenye kigoda cha jikoni, mswada mapajani. Ilikuwa mchana kweupe, lakini aliiwasha ile tochi yake ndogo.

Watazamaji walikuwa mia moja na themanini. Sehemu za wengine zikapita. Kisha akabaki Mzee Radi peke yake, kwenye kiti cha mbao, na mkononi ufunguo mkubwa wa chuma ambao binti yake aliupata sijui wapi. Akaanza.

Alikwama kwenye ukurasa wa kwanza, mstari wa sita. Pumzi mbili fupi. "Usiku ule mvua," alinong'ona Bi Mnong'ono. Mzee akaendelea, "Usiku ule mvua ilinyesha mpaka mawe yakaomba kuingia ndani," na watu mia moja na themanini wakadhani ameuvuta ule ukimya kwa ufundi. Alikwama tena, akapewa tena. Mara nne, mara tano. Wote wawili walikuwa wanatembea vile walivyotembea zamani, Mzee mwangani na yeye gizani, na Bi Mnong'ono alihisi uti wa mgongo wake umenyooka kama wa msichana.

Ikafika sehemu ya mwisho. Mlinzi anauinua ufunguo. Mzee Radi akauinua. Akanyamaza.

Pumzi mbili fupi.

"Ufunguo huu haukuwa," alinong'ona Bi Mnong'ono.

"Ufunguo huu haukuwa," akasema Mzee Radi, na hapo akasimama. Zikaja pumzi mbili fupi tena, kisha nyingine mbili.

Mahali hapo pembeni mwa ukurasa hapakuwa na alama. Katika miaka yote hakuwahi kukwama hapo. Ulikuwa mstari ambao hata wauza tikiti waliujua kwa moyo.

Midomo yake ilifunguka ikafunga. Kwenye kioo mtu mmoja akaandika, "Mtandao umekatika?" Mwingine akaandika, "Kwangu anaonekana." Nesi alionekana ukingoni mwa picha, mkono umenyooka nusu.

"Shangazi," alinong'ona Msusi. "Mpe. Mpe basi!"

Bi Mnong'ono aliinua kidole kimoja kumnyamazisha. Neno la nne lilikuwa pale, chini ya mwanga wa tochi, neno dogo tu la silabi mbili. Lilikuwa limefika kwenye ulimi wake. Aliuma meno. Machozi yalimtoka yakadondokea mswada na hakuyafuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na simu na mwingine ulikuwa na tochi. Nilimwahidi, alijiambia. Nilimwahidi, nilimwahidi. Hakunong'ona. Alichofanya ni kupumua tu, polepole, karibu na simu, ili ajue kwamba kigoda kina mtu.

Mzee Radi aligeuza uso kidogo upande wa kushoto. Pumzi yake ikarefuka, ikafuata ile aliyoisikia.

"Wangu," akasema.

Na radi ikarudi. Si yote, lakini ilitosha. "Ufunguo huu haukuwa wangu. Niliushika tu mpaka mwenyewe arudi. Nimewafungulia wote. Sasa nani atanifungulia mimi?"

Akauweka ufunguo magotini.

Vipaza sauti vikafunguliwa vyote kwa pamoja, na makofi yakaja kama mchele unaomiminwa kwenye sufuria, yakikatikakatika, mengine yakichelewa kutoka nchi za mbali. Msusi alikuwa analia kwa sauti bila haya yoyote. Bi Mnong'ono hakusikia mengi ya hayo. Alikuwa ameegemeza simu ndogo sikioni, na kutoka mfukoni mwa shati, mbali huko, alisikia karatasi ya pipi ikifunguliwa taratibu. Ikafunguliwa karibu kabisa na simu, ili aisikie vizuri. Akacheka peke yake.

Makofi yalipotulia mwongozaji akasema, kama ilivyokuwa desturi ya kundi, kwamba kila aliyeshiriki aseme neno. Wenzake wakasema yao. Zamu ya Mzee Radi ilipofika alitikisa kichwa.

"Mimi leo nimesema vya kutosha," alisema. "Na maneno yenyewe nilipewa. Mara sita. Upande wa kushoto yupo mtu. Mwiteni yeye."

Msusi aliruka akabandua plasta, akawasha kipaza sauti, akamsukumia shangazi yake ile simu kubwa. Na hapo, kwenye vioo vyote, akatokea tena yule mama, miwani kwenye ncha ya pua. Safari hii hakuna aliyecheka.

Bi Mnong'ono akafungua mdomo. Hakukuwa na kitu. Ule ujumbe wa Jumapili aliusema akiwa peke yake, na aliufuta mara nne kabla haujawa mzuri. Hapa hapakuwa na pa kufutia. Alitazama mswada, na mswada haukuwa na mstari wake hata mmoja. Akavuta pumzi puani, fupi, mara mbili.

Nchi ya mbali, Mzee Radi alimwashiria binti yake azime kipaza sauti chao. Kisha akaitoa ile simu mfukoni, akaisogeza mdomoni.

Kutoka kwenye simu ya vitufe, iliyokuwa bado imebanwa sikioni, ukaja mnong'ono wenye harufu ya mnanaa, au hivyo ndivyo alivyoapa baadaye.

"Siku zote nilikuwa."

Bi Mnong'ono alingoja kidogo kama atapewa zaidi. Hakupewa.

"Siku zote nilikuwa," alisema Bi Mnong'ono mbele ya watu wote, akasimama kutoka kwenye kigoda. Akalitafuta lile lililobaki, akalipata mahali lilipokuwa limekaa miaka thelathini na moja.

"Nanyi," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka safu ya nyuma.